Kalenda ya pamoja ya idara inahitaji mtunzaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa mtu wa nje laweza kuonekana dogo, lakini kwa sisi tunaofanya kazi katika ofisi za vyuo vikuu limegusa kila siku yetu ya kazi. Mimi ni mwandishi mwendesha ofisi, cheo ambacho zamani kiliitwa katibu mahsusi, katika idara ya lugha ya chuo kikuu kimoja cha umma nchini. Nimekaa katika meza ya mbele, mlangoni kwa mkuu wa idara, kwa miaka 19, na nimewahudumia wakuu wa idara watano. Mwaka jana idara yetu iliacha daftari la miadi na kuhamia kwenye kalenda ya pamoja ya mtandaoni, ambayo kila mhadhiri anaiona kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya ofisini. Uamuzi huo ninauunga mkono kwa moyo wote. Kilichonifanya nishike kalamu ni dhana iliyofuatana nao, ambayo nimeisikia pia kwa wenzangu wa idara nyingine, kwamba mfumo ukishawashwa kazi ya kutunza muda wa idara imekwisha, na aliyekuwa akiifanya hana tena la kufanya.

Nianze na daftari, kwa sababu asiyejua lilivyokuwa likifanya kazi hawezi kujua tulichokaribia kukipoteza. Lilikuwa daftari kubwa la mwaka, lenye jalada gumu jeusi, ukurasa mmoja kwa siku moja. Kila Desemba nilipiga mistari kwa rula katika kurasa zote za daftari jipya, nikaugawa kila ukurasa katika sehemu nne: mkuu wa idara, ukumbi wa mikutano, chumba cha semina na projekta. Jambo lililoombwa lakini halijathibitishwa niliandika kwa penseli. Likithibitishwa, nilipitisha kalamu ya wino juu yake. Likifutwa, sikulifuta kwa raba. Nililikata kwa mstari mmoja na kuandika pembeni herufi za kwanza za jina la aliyelifuta, ili mtu akija baada ya wiki mbili kuuliza kwa nini kikao chake hakipo, aonyeshwe. Mhadhiri alipochungulia mlangoni na kuniuliza, "Dada, Jumatano mchana ukumbi uko wazi?", sikumjibu kwa kutazama ukurasa tu. Nilijua kwamba darasa la uzamili linalotangulia hukawia kutoka kwa dakika ishirini, kwamba mkuu wa idara hapendi kupangiwa kikao siku anayotoka kwenye Seneti, na kwamba projekta imeazimwa na idara ya jirani na itarudi Alhamisi. Hayo yote hayakuandikwa mahali popote.

Hata hivyo daftari lilikuwa na kasoro zake, na mimi nilizijua kuliko mtu yeyote. Lilikuwa moja, na lilikaa mahali pamoja. Nikiwa likizo au nikiuguza, funguo za droo zilibaki kwangu, au nilimwachia mhudumu wa ofisi ambaye mwandiko wangu ulimsumbua kuusoma. Mkuu wa idara akiwa safarini Dodoma alilazimika kunipigia simu saa tatu usiku kuniuliza ratiba yake ya siku inayofuata, nami nikamjibu kwa kukumbuka. Wahadhiri wenye ofisi ghorofa ya tatu walishuka ngazi kuja kuangalia kama ukumbi uko wazi, wakapanda kwenda kushauriana na wenzao, wakashuka tena na kukuta umeshachukuliwa. Kalenda ya pamoja imeondoa mizunguko hiyo. Ukumbi una kalenda yake wenyewe, na anayeuomba kwa muda ambao umeshachukuliwa hukataliwa na mfumo papo hapo. Anayetaka kuitisha kikao cha watu watano huona ni muda gani wote watano wana nafasi, bila kuonyeshwa wanafanya nini wakati mwingine. Kikao kikisogezwa, wote hupata taarifa kwa pamoja. Na kwa kuwa programu nyingi za kalenda hufuata kiwango kimoja, kinachoitwa iCalendar, kilichochapishwa mwaka 1998 na kutolewa upya mwaka 2009, mgeni wa chuo kingine anayetumia programu tofauti na yetu hupokea mwaliko wetu na kuuingiza kwenye kalenda yake bila taabu.

Uhamaji wenyewe ulifanyika hivi. Wataalamu wa TEHAMA walikuja wakatufundisha kwa saa tatu katika maabara ya kompyuta, kwa uvumilivu na kwa lugha nyepesi, na ninawashukuru. Walituonyesha pa kubonyeza. Wiki iliyofuata ukatoka waraka uliosema kwamba kuanzia mwanzo wa muhula kila mtumishi ataingiza shughuli zake mwenyewe, na kwamba watumishi wote wa idara wamepewa ruhusa ya kuandika na kubadilisha kalenda ya idara. Kabla ya waraka huo kutoka sikuulizwa neno. Daftari halikutajwa. Haikuelezwa ni nani atahamisha yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa humo, wala ni nani mwenye neno la mwisho watu wawili wakigombea ukumbi mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa takribani wiki sita. Baadhi ya wahadhiri waliandika kwenye kalenda, wengine waliendelea kuja kwangu niwaandikie kwenye daftari, na wengine walitangaza vikao kwenye kundi la WhatsApp la idara, ambako tangazo la asubuhi lilikuwa limeshafunikwa na salamu za rambirambi na pongezi za harusi kabla ya saa sita mchana. Tukawa na ratiba tatu, na kila mmoja aliiamini ya kwake.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea katika wiki ya nne, nami nitakieleza kwa urefu kwa sababu kinahusu lugha yetu. Mwanafunzi wetu wa uzamivu alikuwa atetee tasnifu yake. Barua ya mwaliko, niliyoichapa mwenyewe, ilisema kwamba utetezi utaanza saa 2:00 asubuhi, kama zinavyoandikwa barua zote za Kiswahili katika ofisi zetu, na kama gazeti lako linavyoandika kila siku. Msaidizi kijana aliyepewa barua hiyo aiingize kwenye kalenda aliandika alichokiona, yaani 2:00. Lakini mashine haihesabu saa tangu macheo. Kwa mashine, 2:00 ni saa nane usiku. Siku mbili baadaye mhadhiri mwingine, aliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha kama sisi sote, aliona utetezi umewekwa usiku wa manane, akadhani aliyeandika amechanganya usiku na mchana, akaurekebisha kwa nia njema kuwa 14:00, yaani saa nane mchana. Mtahini wa nje, aliyekuwa akitoka Morogoro, alikuwa ameupokea mwaliko kwenye simu yake, na simu ilimwambia saa nane mchana. Barua ya karatasi ilikuwa imebaki ofisini kwake.

Siku hiyo nilifika saa moja na nusu asubuhi nikamkuta yule mwanafunzi ameshasimama kwenye korido, amevaa suti ya kijivu, tasnifu ameikumbatia kifuani. Mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao karibu na mlango wangu, na miguuni pake palikuwa na kapu lenye chupa ya chai na maandazi aliyowaandalia watahini. Saa mbili ikafika. Watahini wawili wa ndani walikuwapo, kwa sababu walikuwa wameisoma barua. Mwenyekiti wa jopo hakuwapo, kwa sababu alikuwa ameifuata kalenda. Saa tatu nikampigia simu mtahini wa nje. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo kwanza basi linatoka stendi ya Msamvu na kwamba nisiwe na wasiwasi, atawahi. Nilikosa la kumwambia. Nilipotoka, yule mama akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wamekataa kumsikiliza?" Nikamjibu, "Hapana, mama, ni saa zimetupotea." Utetezi ulianza saa tisa kasoro robo, na kijana alifaulu, lakini alianza kuulizwa maswali ya miaka minne ya kazi yake akiwa amesubiri kwa zaidi ya saa saba, na maandazi yalikuwa yamekwisha kupoa.

Sielezi haya ili kumlaumu msaidizi wala mhadhiri. Kila mmoja alitenda sawasawa na alichokijua. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye ni kazi yake, kwa cheo na kwa maandishi, kusoma kila kinachoingia kwenye kalenda na kuuliza: hii ni saa mbili ipi? Baada ya siku hiyo nilimwomba mkuu wa idara aniruhusu niweke utaratibu, akaniruhusu. Simu na kompyuta zote za idara sasa zinaonyesha saa ishirini na nne. Katika kichwa cha kila shughuli tunaandika saa kwa maneno, kwa Kiswahili chetu, kwa mfano "Kikao cha Idara, saa nane mchana", huku sehemu ya muda ikisomeka 14:00. Viwili hivyo vikipishana, kosa linaonekana kabla halijamfikia mtu. Nimejifunza kwamba saa za mchana na jioni hazina hatari, kwa sababu hakuna Mswahili mwenye saa kumi na nne. Hatari ipo kwenye saa za asubuhi, ambako 07:00 ni saa moja yetu ilhali saa saba yetu ni 13:00, na jicho lililochoka halitofautishi.

Hesabu ya siku nayo ina mtego wa namna hiyo hiyo. Wazee wetu wa Pwani wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa kwao siku huanza jua linapozama, ilhali mashine hubadilisha tarehe saa sita usiku. Mwanafunzi aliyeambiwa awasilishe kazi yake usiku wa Ijumaa ana haki kamili ya kuuliza ni usiku upi, na sisi tumeamua kuandika tarehe badala ya kumwachia akisie. Vikao na washirika wetu wa Ulaya vina lao. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kikao kilichopangwa saa nne asubuhi kwa majira ya Ujerumani huwa saa sita mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao. Kalenda hulijua hilo na hubadilisha yenyewe bila kukosea, mradi aliyekiingiza kikao ametaja kwamba muda huo ni wa Ujerumani. Asipotaja, mashine haina namna ya kukisia, na lazima awepo mtu wa kumkumbusha.

Kiwango cha iCalendar nilichokitaja kinatambua hali tatu za shughuli: ambayo bado haijathibitishwa, iliyothibitishwa na iliyofutwa. Mtaalamu mmoja wa TEHAMA aliponieleza hivyo nilifurahi sana, kwa kuwa hizo ndizo penseli yangu, wino wangu na mstari wangu wa kukata. Lakini hali hizo hazijiweki zenyewe. Ni lazima walioalikwa wajibu, na hapo tulikuta jambo ambalo mafunzo ya saa tatu hayakuligusa. Mwaliko ukitumwa, mpokeaji hutakiwa akubali, akatae, au aseme hana hakika. Wahadhiri vijana walikuwa hawabonyezi chochote wanapoalikwa na maprofesa. Mwanzoni nilidhani ni uzembe, hadi mmoja wao aliponiambia, "Mama, siwezi kumbonyezea Profesa neno hapana. Ni mwalimu wangu yule." Nilimwelewa mara moja. Kwa desturi yetu, mdogo akishindwa kuitikia wito wa mkubwa huenda mwenyewe, husalimu, hueleza udhuru wake, na mara nyingi hupitia kwa mtu wa kati. Kwa miaka yote hiyo mtu wa kati nilikuwa mimi. Kitufe cha kukataa kiliniruka mimi na kumtaka kijana afanye kwa kidole jambo ambalo hangeweza kulifanya kwa mdomo, kwa hiyo akanyamaza, na kalenda ikabaki na watu ambao haijulikani kama watakuja. Siku hizi huniletea udhuru wao, nami humweleza Profesa, kikao kikasogezwa ikibidi, na kinachoonekana kwenye kalenda ndicho kitakachotokea ukumbini.

Yupo pia profesa wetu mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye siku ya mafunzo alikaa mstari wa mbele lakini hakugusa kipanya. Walikuwapo waliosema kwamba hataki mabadiliko. Jioni yake alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba macho yake hayasomi tena maandishi ya simu, na kwamba hakutaka kulisema hilo mbele ya watu ambao wengi wao aliwafundisha yeye. Tukapatana. Kila Ijumaa alasiri ninamchapia wiki yake inayofuata kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa. Jumatatu asubuhi huirudisha ikiwa na masahihisho yake kwa kalamu nyekundu, nami huyaingiza kabla ya saa tatu. Tangu tuanze hajakosa kikao hata kimoja, na ratiba yake ndiyo iliyo sahihi kuliko zote idarani. Nimemwomba ruhusa nilieleze hili gazetini, naye ameniruhusu. Waraka uliosema kila mtumishi ataingiza mwenyewe haukuwa na nafasi ya mtu kama yeye, na sidhani kwamba yuko peke yake katika vyuo vyetu.

Suala la siri lilihitaji uangalifu mkubwa kuliko tulioupa. Mhadhiri msaidizi mmoja aliunganisha kalenda ya simu yake na ya idara kama alivyoelekezwa, na kwa wiki nzima wenzake wote wakawa wanaweza kusoma siku zake za kliniki ya wajawazito, kabla hajawaambia hata ndugu zake. Mara nyingine kikao cha nidhamu kiliingizwa pamoja na jina kamili la mwanafunzi na kosa analotuhumiwa, wakati tuhuma yenyewe haijasikilizwa, kikaonekana kwa watumishi zaidi ya thelathini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile ambazo sheria hiyo inazihesabu kuwa nyeti. Katika daftari langu kikao cha nidhamu kiliandikwa kwa namba ya jalada tu, na miadi ya hospitali ya mtumishi iliandikwa kwa neno "udhuru", bila mtu yeyote kunifundisha sheria. Kalenda ya pamoja inaweza kufanya vivyo hivyo, na vizuri zaidi, kwa kuonyesha tu kwamba mtu ana shughuli na kuficha mengine yote. Ila mpangilio huo unapaswa kuwekwa tangu mwanzo kwa watumishi wote, na mtu fulani awajibike kuuangalia kila mtumishi mpya anapoongezwa. Kwetu uliwekwa baada ya dada yule kulia ofisini kwangu.

Kuna na suala la kalenda yenyewe ni ya nani. Ya kwetu ilifunguliwa kwanza kwa akaunti ya mhadhiri mmoja mwenye ari kubwa, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutushawishi tuhame. Alipopata kazi kwingine, akaunti yake ya chuo ilifungwa kama kanuni zinavyotaka, na kalenda ya idara ikafungwa pamoja nayo, na tarehe za majaribio, za semina na za kamati zikatoweka asubuhi moja. Tulizirudisha kwa siku mbili, na tuliweza kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa sijaacha kuandika kwenye daftari. Mhuri wa idara hauchongwi kwa jina la mtu, wala mtu akihama haondoki nao. Kalenda nayo ifunguliwe kwa akaunti ya ofisi, na nywila yake ikabidhiwe kama unavyokabidhiwa mhuri.

Kuhusu sikukuu nitasema machache. Kalenda hizi huja na sikukuu zilizokwisha kujazwa, na zile za tarehe maalumu, kama Aprili 26 na Desemba 9, hazina tatizo. Idd hupangwa humo kwa hesabu, ilhali sisi hutegemea mwandamo wa mwezi, na siku moja ya tofauti inatosha kuharibu jaribio la wanafunzi mia mbili. Kwa hiyo siku mbili zinazozunguka kila Idd tunaziacha wazi. Wapo pia wanaosema kwamba kikwazo ni intaneti na gharama ya bando. Sioni hivyo. Ratiba iliyokwisha kuingia kwenye simu husomeka hata mtandao ukikatika, na idara yetu imeshafanya kazi na mgao wa umeme mara nyingi bila kupoteza kikao.

Nafika kwenye ombi langu. Nilipokuwa najaza majukumu yangu ya mwaka kwenye PEPMIS, mfumo ambao watumishi wa umma tunapimwa utendaji wetu kwa kuutumia tangu mfumo wa zamani wa upimaji, OPRAS, ulipoondolewa, niliandika kupokea wageni, kuchapa barua, kutunza majalada, kuandaa vikao, na nikaongeza kusimamia kalenda ya idara. Msimamizi wangu aliniomba nikiondoe kipengele hicho. Hakufanya hivyo kwa ubaya, aliniambia, "Dada, hiyo sasa inafanywa na mfumo." Nilikiondoa, kwa kuwa ni msimamizi wangu. Lakini kila siku ya kazi, kabla ya saa tatu asubuhi, ninapitia shughuli zote za siku tatu zijazo, ninalinganisha barua na kalenda, ninawapigia simu ambao hawajajibu, ninaamua nani apishe ukumbi, ninaficha kisichopaswa kuonekana, na kazi hiyo haipo popote katika kumbukumbu za utumishi wangu. Nimesikia pia ikisemwa kwamba, kwa kuwa kalenda sasa ni ya pamoja, idara mbili au tatu zinaweza kutumia mwandishi mwendesha ofisi mmoja. Wanaolipendekeza hilo nawaomba kwa heshima wakae katika meza ya mbele kwa wiki moja ya utetezi wa tasnifu kabla ya kuliandika.

Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai, majukumu yatajazwa upya. Naziomba menejimenti za vyuo vikuu, pamoja na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo kada yetu iko chini yake, ziruhusu jukumu moja liongezwe, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: kusimamia kalenda ya pamoja ya idara, kuthibitisha shughuli zinazoingizwa, kuamua migongano ya kumbi na vifaa, kulinda taarifa binafsi za watumishi na wanafunzi zilizomo, na kuikabidhi kalenda kwa maandishi kila anapotoka kazini kwa likizo au uhamisho. Ruhusa ya kubadilisha kalenda ya idara ibaki kwa watu wawili tu, mtunzaji na msaidizi wake. Wengine wote, akiwamo mkuu wa idara, waombe, na waone maombi yao yamefikia wapi. Idara inayojiandaa kuhama ichague siku moja ya kuhama, ihamishe yaliyomo kwenye daftari kabla ya siku hiyo, na imwulize aliyekuwa akilitunza kabla waraka haujaandikwa.

Mwezi ujao nakwenda likizo kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Nitakayemwachia kalenda ni yule msaidizi kijana aliyeandika 2:00, ambaye kwa miezi mitano sasa huja mezani kwangu kila asubuhi, na wiki iliyopita alinizuia mimi nisiingize kikao kwa saa isiyo yake. Hati ya makabidhiano nimeshaichapa, ina sehemu ya saini yangu, yake na ya mkuu wa idara.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi Mwendesha Ofisi
(Jina na anuani vimehifadhiwa)